Watu Kumi wa Kilio cha Mama Muzee

Mimi sikualikwa, na nilisema hivyo tangu siku ile ile. Mpaka leo watoto wangu nikiwasimulia habari hii huniuliza, "Lakini mama, nani alikuitaka?" Nami huwajibu kwamba kwetu hakuna mtu anayeitwa kwenye kilio. Unasikia, unachukua mkeka, unakwenda. Anayekaa nyumbani akingoja kuitwa, mimi simwelewi, na ukinibana nitakwambia wazi kwamba simpendi.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wazungu kwisha. Tulikaa Karuba, mume wangu na mimi, na ng'ombe wa kutuheshimisha bila kututajirisha. Kwetu kukama ni kazi ya wanaume, na kupeleka maziwa kwa wateja ilikuwa pia kazi yao, mpaka asubuhi ile ng'ombe wetu mmoja mwenye roho mbaya alipompiga mume wangu teke la goti. Mume akabaki nyumbani akichechemea na kutoa amri. Mimi nikajitwika maziwa. Watu wakasema, mwanamke gani huyu anayetembea na maziwa ya mume wake barabarani? Nikawaacha waseme. Maziwa yakikaa yanaganda, lakini maneno yao nilijua yatakuwepo vile vile nikirudi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa bwana wa fromaji, Mzungu aliyekuwa na kiwanda kidogo cha jibini ng'ambo ya bonde, njia ya kwenda Mushaki. Alikaa pale na mke wake, ambaye sote tulimwita Madamu, na mama yake mzazi, ambaye tulimwita Mama Muzee. Hawakuwa Wabelgiji. Walitoka nchi nyingine ya Ulaya, wakakimbia kabla njia hazijafungwa, na walikuwa Wayahudi. Sisi Wayahudi tuliwajua wa kwenye Biblia tu. Siku niliyoambiwa, nilimtazama yule bwana miguuni nikitafuta viatu vya kamba kama vya kwenye picha za kanisani. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, yamejaa mavi ya ng'ombe.

Mama Muzee alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni. Kila asubuhi alichovya kidole katika maziwa yangu, akaonja, kisha akaniangalia kama mwizi anayeongeza maji. Siku ya tatu nikachoka.

"Mama Muzee, unazania nilitia mayi?"

"Sizanie," akasema. "Naonja."

Nikajitwika maziwa yangu nikaondoka nayo. Nilikuwa nimeshafika chini kwenye kijito niliposikia mtu anapumua nyuma yangu: Mama Muzee, kanga kichwani, kiatu kimoja mguuni, kingine amekiacha kwenye tope. Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo hakuonja tena, na mimi nikawa nakaa naye kwenye benchi kila asubuhi wakati Madamu na wafanyakazi wakichuja maziwa. Kiswahili chake alikiokota uani, na alikiongea bila woga na bila mpango, lakini hakuna siku nilishindwa kumwelewa.

Hao Wayahudi walikuwa wachache na wametawanyika. Kulikuwa na bwana mwenye duka Walikale, kule chini kwenye msitu, pamoja na mke wake na ndugu zake wawili. Kulikuwa na daktari, na wengine waliolima pareto huku juu kwetu. Ukiwakusanya wote pamoja na watu wa fromaji, wanaume walikuwa saba na wanawake watano. Mara moja kwa mwezi bwana wa Walikale aliwasha kamio lake siku ya Ijumaa, akapanda milima yote hiyo, akafika amechoka, na gari zima likinuka mafuta ya mawese na samaki wa kukaushwa. Jumamosi walisali. Jumapili walikaa barzani kutunga sheria za kanisa lao, maana Jumamosi ilikuwa siku yao ya kutofanya kazi, na bwana wa Walikale alisema kugombana ni kazi.

Ndiyo, walikuwa wanaanzisha kanisa. Wao hawakuliita kanisa, lakini mimi sina neno lingine.

"Na padri wenu iko wapi?" nilimuuliza Mama Muzee.

"Hakuna padri. Ya nini? Batu kumi banatosha."

Jambo hilo lilinipendeza kupita kiasi. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo nikikimbia: kuna dini isiyo na padri, ukiwa na watu kumi umemaliza. Mume wangu alikuwa mzee wa komite ya kapela, kanisa letu dogo, hivyo alilifikiria jambo hilo kwa uzito, goti lake limenyooshwa juu ya kigoda.

"Sasa nani anakaripiaka batu?" akauliza.

Nilimwambia kwamba, nilivyoona mimi, wanakaripiana wote.

Na hilo niliona kwa macho yangu. Wengi wao waliongea Kifaransa, lakini Mama Muzee hakukijua, na alikataa kutungiwa sheria katika lugha asiyoisikia. Lugha yake yeye, bwana wa Walikale hakuijua. Alitoka kisiwa cha joto, nao walitoka nchi ya baridi. Basi kila jambo lilipokuwa kubwa, wote walirudi kwenye Kiswahili. Wazungu kumi na wawili wanabishana kwa Kiswahili cha Kivu juu ya Mungu, nami niko hatua chache tu, nasafisha bidoni zangu za maziwa polepole kuliko zilivyohitaji. Sitasema uongo, nilizisafisha mara nyingi.

Mambo mengi waliyapitisha bila shida. Watachagua prezida wa mwaka mmoja, mwaka ukiisha anarudi kuwa mtu wa kawaida kama wengine. Kila mtu ana ruhusa ya kuuliza swali, hata juu ya maandiko, wala hakuna wa kumfunga mdomo. Mwanamume na mwanamke watakaa benchi moja. Kwetu kanisani wanaume walikaa kuume, sisi kushoto, na katikati njia pana ya kupitisha sadaka na macho ya mwalimu wa dini. Sala nyingine watazisema katika lugha yao ya zamani, nyingine katika lugha ya kila siku. Ipi? Hapo walicheka, maana mtu mmoja alisema lugha pekee inayowaunganisha ni ya sokoni Sake. Kisha nikaona hawacheki tena, wanafikiri.

Kilichowakwamisha ni wale watu kumi. Kwa sheria yao ya zamani, kumi ni wanaume kumi. Mwanamke hahesabiwi. Wako saba, basi hawatoshi, na kuna sala ambazo usipokuwa na kumi huruhusiwi kuzisema. Madamu alisema kwamba katika mji wa baba yake kulikuwa na Wayahudi wa mawazo mapya, ambao walimhesabu mwanamke kama mtu, na yeye amekuja na mawazo hayo Karuba, hakuyaacha kwenye meli.

"Tupige kura," akasema.

"Muzuri," akajibu bwana wa Walikale. "Lakini kwanza banaume bapige kura, kama banawake batapiga kura."

"Na nani alipigaka kura, kama weye utapiga kura?"

"Mungu."

"Alinyoosha mukono gani?"

Bidoni ilinianguka. Daktari aligeuka nyuma kuficha kicheko. Bwana wa Walikale mwenyewe alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, na sitaki mfikiri hivyo. Kila mwezi aliniletea chupa ya mawese na kuniuliza goti la mume wangu linaendeleaje. Lakini kicheko kilipoisha alisema kwa sauti ya chini jambo ambalo sikulisahau.

"Baba yangu balimubeba ku vita, na batu yote ya kisiwa yetu. Hapana nyumba, hapana kaburi. Kitu yake ilibakia kwangu ni moja tu: vile alikuwa anaomba. Sasa munataka nibadilishe na ile?"

Wakaahirisha mpaka mwezi ujao, na mwezi uliofuata wakaahirisha tena. Nilipowasimulia wamama wenzangu wa kapela habari ya mkono wa Mungu, walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mmoja akauliza, na yetu komite je, nani aliipigiaka kura? Tukarudi nyumbani kila mtu na mawazo yake. Mume wangu alilala bila chakula siku hiyo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Asubuhi moja nilimkuta Mama Muzee kwenye benchi, mikono mapajani, hata hakuniangalia. Nilitua maziwa.

"Mama Muzee, uko mugonjwa?"

"Kifua. Daktari anasema kifua yangu haitangoja sana." Alisema hivyo kama anayetaja bei ya chumvi. Kisha akaniambia yaliyobaki, polepole, akitafuta maneno moja moja.

Mume wake alibaki nyuma. Wao walipopanda treni, yeye alisema anafunga nyumba, anauza vitu, atawafuata. Dada za mume huyo na kaka zake Mama Muzee pia walibaki. Vita vikaja. Baada ya vita, mwanawe aliandika kila mahali, na majibu yote yalikuwa ya namna moja. Hakuna hata mmoja aliyebaki.

"Siku ya kufa siiyue," akasema. "Ninayua tu siku ya mwisho nilimuona, pale ku treni. Ile siku inakuya. Itaangukia siku ya Mungu ile ya mukutano yao."

Kuna sala, akanieleza, ambayo mwenye kufiwa anaisimamia na kuisema, na wengine wanaitika. Ndiyo kilio chao. Lakini ni moja ya zile sala za watu kumi. Tangu apate habari hajaisema, kwa sababu hakuna kumi. Nao hawahesabu watu kwa kidole, kama sisi tusivyohesabu ng'ombe kwa kidole. Wana mstari mmoja wa maandiko wenye maneno kumi. Wanausoma, kila mtu neno lake.

"Kila mwezi nasikia yeye anasoma," akasema Mama Muzee, akimaanisha bwana wa Walikale. "Anafika ku neno ya saba, ananyamaza. Maneno tatu inabakia, haina muntu. Na mi niko pale mbele yake."

Akakohoa, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Sijamulilia bado, Mama Maziwa. Siko na batu."

Sasa nataka mnielewe. Leo najua alichosema: alisema juu ya sheria yao, juu ya nani anahesabiwa na nani hahesabiwi. Lakini mimi mtu wa Karuba nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba hapa kuna nyumba yenye msiba, na hakuna watu waliokuja. Nilisikia kwamba kwa miaka yote hiyo jirani yangu amekaa na wafu wake peke yake, na mimi napanda kilima kila asubuhi kuuza maziwa, nacheka, nasafisha bidoni, narudi. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawa moto. Kisha aibu ikageuka hasira, kama kawaida yangu, na nilipofika nyumbani nilikuwa nagombana na kila mtu niliyemkuta njiani.

"Batu ngapi banaomba?" mume wangu akauliza nilipomsimulia.

"Kumi."

"Kumi tu? Kwa kilio?" Hata yeye alishangaa. Kwetu kilio cha watu kumi ni kilio cha mchawi.

Jumapili ile ya mkutano wao, mwalimu alipomaliza mahubiri na kuuliza kama kuna matangazo, nilisimama. Wanawake hatukuwa tunasimama wakati wa matangazo. Mwalimu aliniangalia, kisha akaiangalia komite, na mume wangu, mzee wa komite, akaliangalia goti lake.

"Mama, ikaa," mwalimu akasema.

"Mwalimu, matangazo ni ya batu yote ao ni ya banaume?"

Sikungoja jibu. Nilisema nyumba ya fromaji ina kilio cha muda mrefu, mume wa Mama Muzee na ndugu zake wote walikufa vitani, maiti hazikuonekana, na mpaka leo watu hawajafika kulia. Nikakaa. Sikuhitaji kusema zaidi. Kanisa zima lilifanya ule mlio wa ulimi ambao watu wetu hufanya wakisikia habari mbaya, na sala ya mwisho ilikwenda mbio kuliko siku zote.

Mchana ule ule majirani zetu wakulima walileta kuni, maharage na ndizi. Sisi wa ng'ombe tulileta maziwa. Wamama walibeba mikeka. Mwalimu mwenyewe alikuja, akitembea mbele kama ndiye aliyetangaza. Siku hizo watu weusi kuingia wengi kwenye lupango la Mzungu, ndani ya ua wake, bila kuitwa halikuwa jambo dogo, na tulipofika kwenye ua mume wangu alininong'oneza, "Batatufunga wote." Nikamwambia afungwe akiwa ameketi basi, goti lake lipumzike.

Kwetu hupigi hodi kwenye kilio, wala husalimii. Unaanza kulia ukiwa bado nje ya ua, ili wenye msiba wajue unakuja, halafu unaingia na kukaa chini. Wanaume wanawasha moto uani. Tulifanya hivyo hivyo. Wamama wa Karuba wanajua kulia, sitaki kujisifu. Tulipaza sauti zote pamoja, na mbwa wa fromaji walikimbilia nyuma ya kiwanda wasionekane tena siku nzima.

Wao barzani walikuwa wamefika kwenye kura. Hatimaye walikuwa wamekubaliana kwamba wote kumi na wawili watanyoosha mikono, na matokeo yatafikiriwa baadaye kama ni halali. Nasi tulitokea wakati mikono iko juu. Madamu alisimama na mkono wake hewani. Daktari alisimama na wake. Mmoja wa wale wa pareto alishusha mkono, akaupandisha tena, maana hakujua ni kura ya jambo gani sasa. Bwana wa Walikale alishika moyo.

Bwana wa fromaji alishuka ngazi, uso umebadilika rangi. Aliniona.

"Mama Maziwa! Nani alikufa?"

"Baba yako," nikamwambia. "Na bashangazi yako, na bajomba. Tulichelewa kuyua. Mutusamehe."

Nilikuwa nimemjua mtu huyo kwa muda mrefu, mtu wa kukimbia kati ya sufuria na sufuria, mwenye kupiga mluzi. Alikaa chini kwenye ngazi ya mwisho, na mabuti yake ya mpira, akalia kama mtu anayejifunza namna ya kulia. Mume wangu akachechemea mpaka pale, akakaa karibu yake, hakusema kitu. Hiyo ndiyo kazi ya wanaume kwenye kilio, na mume wangu aliifanya vizuri. Nilimsamehe mambo mengi siku ile.

Mama Muzee alikuwa mlangoni. Aliangalia ua mzima: mikeka, moto, vibuyu vya maziwa, wamama wa vilima na wamama wa mashamba wamekaa bega kwa bega, kamasi zinawatoka. Nilikwenda nikamshika mkono nimkalishe juu ya mkeka, maana mfiwa hukaa chini, wenzake wakamzunguka. Alikataa kukaa. Kwao, akasema, sala ile inasemwa ukiwa umesimama.

Bwana wa Walikale alimsogelea. Aliongea kwa upole, namna mtoto anavyoongea na mama wa mtu mwingine.

"Mama, ngoja kidogo. Hatujahesabu bado mikono."

"Hesabu weye," akasema Mama Muzee. "Mi nalia."

Akaanza. Sikujua hata neno moja. Nilingoja nisikie jina la mume wake, sikulisikia. Baadaye Madamu aliniambia kwamba sala ile haimtaji mfu wala kifo, inamsifu Mungu tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nami nikafikiri, huyo ni Mungu wa kuombwa na watu wenye moyo mgumu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na kifua kilimkata katikati ya maneno, lakini alikwenda mbele. Kisha akafika mahali sauti ikashuka, akanyamaza, akingoja.

Wenzake wote walinyamaza. Niliona midomo yao. Walikuwa wanataka kuitika, lakini kura haijahesabiwa, kumi hawajatimia, na kwa sheria sala isiyo na kumi haiitikiwi. Walimwangalia bwana wa Walikale, naye aliangalia chini. Mama Muzee alisimama peke yake katikati ya ule ukimya, mikono imeshika kanga.

Sasa sisi watu wa kapela, ukishusha sauti mwishoni mwa sala na kunyamaza, hatuhitaji kuelezwa.

"Amina!" tukasema, ua mzima.

Mama Muzee alishtuka. Neno lilikuwa lile lile. Walitutazama kama tumewasomea barua zao. Akaendelea, sauti imepata nguvu, na aliposhuka tena Madamu hakungoja mtu, akaitika pamoja nasi. Mara ya tatu daktari, na mke wa bwana wa Walikale, na wale wa pareto, na bwana wa fromaji kutoka kwenye ngazi. Mara ya mwisho nilimtazama bwana wa Walikale makusudi, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Ndevu zilikuwa zimelowa. Akasema Amina, kwa sauti kubwa kuliko sote, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Kisha wamama wakamkalisha Mama Muzee chini, na akalia. Alilia kilio cha miaka yote hiyo, kichwa chake mapajani mwangu, na mimi niliyekuja na hasira nililia mpaka sikuona moto. Nilikuwa na huzuni kweli, na nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema kwamba vyote viwili vilikuwepo.

Maharage yalipokuwa jikoni, mmoja wa wale wa pareto, mtu wa utaratibu, aliuliza kama sasa warudi kwenye kura.

"Kura gani?" akasema bwana wa Walikale.

"Ya batu kumi."

"Niliitika," akasema. "Hukusikia? Mi siitikake Amina ya bure. Kama niliitika, basi tulikuwa kumi."

Madamu alifungua mdomo, nami nilimkonyeza aufunge, maana kuna wakati wa kushinda na wakati wa kunyamaza ukiwa umeshinda. Bwana wa Walikale alijifuta uso kwa kiganja. Akasimama mbele ya watu wake, hakunyoosha kidole, akaanza kuusoma ule mstari wao wa maneno kumi, kila mtu neno lake, kama alivyofanya kila mwezi. Ila safari hii hakuanza na daktari. Aliinama kwenye mkeka, karibu na mapaja yangu, akampa Mama Muzee neno la kwanza.

Kisha akapita kwa Madamu, kwa mke wake, kwa ndugu zake, kwa bwana wa fromaji aliyekaa ngazini. Alifika neno la saba, nikamsikia anasita kwa mazoea, kisha akaendelea. La nane, la tisa, la kumi. Mstari ukaisha. Akabaki amesimama, mdomo wazi, hana neno jingine la kusoma, na watu wasiopata neno walikuwa bado wapo.